Chanzo cha Kifo: Uzee

Julai 2019 iliwatikisa Wakenya. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, akiwa na miaka 61. Tarehe 26 akafuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra, miaka 41. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Joyce Laboso, gavana wa Bomet, miaka 58. Wote watatu waliondolewa na saratani, na kwa wiki kadhaa nchi haikuwa na mazungumzo mengine. Wanasiasa walidai itangazwe kuwa janga la kitaifa. Vipindi vya redio vya asubuhi vilijaa wasikilizaji waliotaka kujua kama mchawi ni mbolea, dawa za kunyunyizia sukuma wiki, au nyama ya supamaketi.

Huko huko Bomet, wapo wazee waliokuwa wakifa kwa saratani ya umio, ugonjwa ambao Hospitali ya Tenwek imeupokea kwa miongo mingi hadi ukawavuta watafiti kutoka mabara mengine. Hao redio haikuwataja. Wengi wao hata jamaa zao hawakujua kwamba kilichowaua kinaitwa saratani. Na hapo ndipo penye hoja yangu. Tunapenda kuulizana ni kaunti gani zinazopoteza wazee wengi kwa saratani, za mijini au za mashambani, na kila mtu ana jibu lake mkononi. Mimi nadai kwamba ramani tunayoitumia kujibu swali hilo inaonyesha zaidi mahali penye daktari wa kuupa ugonjwa jina. Kwingine kote mzee hufa bila jina, na kifo kisicho na jina hakiombewi bajeti.

Tuanze na karatasi. Kenya husajili kifo kwa njia mbili. Ukifia hospitalini, fomu inayojazwa ni D1, na daktari au afisa wa kliniki ndiye anayeandika kilichokuua. Ukifia nyumbani, fomu ni D2, nayo hujazwa na naibu chifu wa kata ndogo yenu. Naibu chifu hakusomea udaktari. Anaandika anachoambiwa na jamaa waliokuja kutafuta kibali cha kuzika, na jamaa wenyewe wana haraka zao: hema halijalipiwa, ng'ombe hajapatikana, mchango wa WhatsApp umekwama. "Mzee aliugua nini?" "Alikuwa na tumbo." "Muda mrefu?" "Tangu Krismasi." Basi, tumbo. Au malaria, kwa sababu malaria haimwaibishi mtu. Au, ikiwa marehemu alikwisha kupita miaka sabini na tano, kalamu inaandika uzee na muhuri unagongwa.

Simlaumu naibu chifu. Ana kesi za mipaka, pombe haramu na watoto walioacha shule, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba "tumbo" la mzee aliyekonda kuanzia Krismasi hadi Pasaka linahitaji maswali mawili matatu zaidi. Angalau yeye ana fomu. Mandera, Wajir na Garissa, ambako maiti huzikwa siku hiyohiyo kama dini inavyoelekeza na malisho yako mwendo mrefu kutoka ofisi yoyote, vifo vingi vya nyumbani havifiki kwenye karatasi kabisa. Ukiziona kaunti hizo zikiwa na vifo vichache vya saratani katika jedwali, usiwapongeze magavana wake.

Sasa tupande ngazi hadi kwenye takwimu za kitaifa, zile ambazo mawaziri husoma kwenye hotuba. Nyingi hutoka kwa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo mjini Lyon, Ufaransa. Kwa mwaka 2018 shirika hilo lilikadiria kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya 47,887 na vifo 32,987. Makadirio ya 2020 yakaja na wagonjwa 42,116 na vifo 27,092. Ya 2022 yakapanda tena: 44,726 na 29,317. Asiye na habari angedhani kwamba kati ya 2018 na 2020 tulivumbua dawa. Hatukuvumbua chochote. Kilichobadilika ni takwimu za msingi na namna ya kukokotoa, na ndiyo maana IARC lenyewe huwaonya watu wasiyalinganishe makadirio ya mwaka mmoja na ya mwingine. Onyo hilo huwa halifiki kwenye hotuba.

Na takwimu za msingi hutoka wapi? Kwa miaka mingi zimeegemea sajili mbili: ya Eldoret, iliyoanza mwaka 1999, na ya Nairobi, iliyoanzishwa chini ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, mwaka 2001. Ni kazi ya kujitolea na ya kuchosha. Wahudumu wake hupita wodini na maabara, hufungua faili moja baada ya jingine, hunakili jina, umri, kiungo kilichoathirika, matokeo ya maabara. Nawavulia kofia. Ila wanaweza tu kunakili kile ambacho mtu mwingine amekwisha kukiandika. Bibi wa Tana River ambaye hakuwahi kukatwa kinyama cha kupimwa hawezi kuonekana katika faili la Eldoret, hata wahudumu hao wangefanya kazi usiku na mchana. Jiji moja na mji mmoja wa Bonde la Ufa vimetumika kuzungumza kwa niaba ya kaunti 47.

Lipo pia suala la umri, ambalo huwapotosha hata watu wenye nia njema. Saratani ni ugonjwa unaofuata miaka. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na waliofikisha miaka 60 walikuwa milioni 2.7 hivi, yaani chini ya asilimia sita. Lakini asilimia hiyo haikugawanywa sawasawa. Nairobi ni jiji la vijana. Mtu akistaafu anarudi ushago. Murang'a na Nyeri zimewapeleka watoto wao mijini kwa vizazi vitatu na kubaki na wazazi. Kwa hiyo, hata kama hatari ya saratani ingekuwa ileile kabisa katika Nairobi na Nyeri, ukihesabu vifo kwa kila watu laki moja bila kuangalia umri, Nyeri itaonekana inateketea. Hapo ndipo utamsikia mtu akisema Mlima Kenya umelaaniwa na kansa, na mwingine akilaumu dawa za kahawa. Huenda dawa za kahawa zina lao; sikatai uchunguzi. Ninachosema ni kwamba wanatakwimu wana njia ya kusawazisha umri kabla ya kulinganisha, na takwimu ambayo haijasawazishwa haistahili kuwatia watu hofu.

Kosa lingine linakwenda upande wa pili. Mama wa Siaya anaugua, anapewa rufaa, anafikishwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, anafia huko. Kifo husajiliwa alikofia. Jeneza litapakiwa kwenye gari, litapita Nakuru na Kericho, litashushwa Siaya chini ya mwembe ambako kaburi limekwisha kuchimbwa, lakini nambari yake inabaki Nairobi. Zidisha safari hiyo kwa miaka yote ambayo Kenyatta ilikuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine za mionzi, na utaelewa kwa nini jiji lilionekana kama kitovu cha saratani. Lilikuwa kitovu cha mashine.

Wamarekani wamelishughulikia swali hili la mijini na mashambani kwa umakini ninaouonea wivu. Wao pia wana kaunti, zaidi ya elfu tatu, na karibu kila kifo huandikwa. Mwaka 2017 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa ripoti iliyotenganisha kaunti za mijini na za mashambani, umri ukiwa umesawazishwa. Wagonjwa wapya: mashambani 442 kwa kila watu 100,000, mijini 457. Vifo: mashambani 180, mijini 158. Hebu zisome tena polepole. Watu wa mashambani walipatikana na saratani mara chache zaidi kuliko wa mijini, ila walikufa kwayo mara nyingi zaidi. Sigara ina sehemu yake, umaskini una sehemu yake, na sehemu kubwa ni umbali: umbali wa kufika kwenye kipimo, wa kufika kwa mtaalamu, wa kurudi kila wiki kwa matibabu. Na hao ni watu ambao wakifikisha miaka 65 serikali yao huwapa bima ya afya.

Sisi hatuwezi kuandika sentensi kama hiyo kuhusu Kenya. Hatuna nambari kamili ya wagonjwa wala ya vifo. Lakini kama umbali unaua kiasi hicho katika nchi yenye lami hadi mlangoni na bima ya wazee, ni muujiza gani utakaomwokoa mzee wa Marsabit?

Nichukue saratani moja tu, ya umio, kwa kuwa ndiyo inayofichika vizuri zaidi ndani ya "uzee". Huanza na ugali. Mzee anaanza kunywa maji ili kusukuma tonge. Analalamika kwamba nyama za siku hizi zina nyuzi, na watu wa nyumbani wanacheka, kwa sababu meno yake yenyewe yamebaki machache. Baada ya muda anaomba wali uliolainishwa kwa mchuzi. Kisha uji. Kisha chai peke yake, na hapo shati linakuwa limekwisha kumlegea shingoni. Zahanati inampa dawa za vidonda vya tumbo. Duka la dawa la sokoni linamwongezea nyingine za rangi tofauti. Mtu wa mitishamba naye ana zamu yake. Siku anapofika mahali penye kamera ya kupitishwa kooni, njia ya chakula imebaki tundu la kupitisha mate tu, na la kufanya ni kumwekea stenti, kijibomba cha kuipanua njia ili apate kumeza. Stenti haitibu saratani. Inampa mtu nafasi ya kula na jamaa zake kwa miezi aliyobakiwa nayo, na aliyewahi kumwona mzee akimeza uji baada ya wiki za kiu hawezi kuidharau kazi hiyo. Tenwek wamejijengea sifa kwayo.

Ugonjwa huu una ukanda wake unaoshuka mashariki mwa Afrika kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, nasi tuko katikati yake. Chanzo kimoja hakijapatikana. Pombe na tumbaku vinatajwa, moshi wa kuni unatajwa, na mwaka 2016 IARC liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani. Chai yetu, inayonywewa ikiwa bado inafukuta, inahusika na mjadala huo, ingawa sijui mzee yeyote atakayekubali kuinywa vuguvugu. Jambo lililowashangaza watafiti wa Tenwek lilikuwa vijana, wengine chini ya miaka 30, waliopata ugonjwa ambao kwingineko duniani ni wa wazee. Ugunduzi muhimu, na ulistahili kuandikwa. Ila una athari yake: kijana akifa kwa umio ni habari, mzee akifa kwa umio ni Jumanne.

Ubaguzi huo wa umri hatuutaji hadharani, lakini umo katika kila hatua. Mwongozo wa kitaifa wa kupima saratani ya mlango wa kizazi unawapa kipaumbele wanawake wa miaka 25 hadi 49. Kitaalamu kuna sababu: huko ndiko kipimo kinakowahi mabadiliko kabla hayajawa saratani. Lakini bibi wa miaka 66 hakuwahi kupimwa alipokuwa na miaka 40, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyekuwa akipima kijijini kwao. Sasa ameanza kutokwa na damu, miaka kadhaa tangu siku zake zikome, na anayemkuta zahanati ni muuguzi wa umri wa mjukuu wake, pengine ni mjukuu wa jirani yake hasa. Atamwambia nini? Atasema magoti yanamuuma. Atapewa dawa ya magoti na kurudi nyumbani na kitambaa chake.

Wanaume hawana nafuu. Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, wakati huo Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza kwamba amepatikana na saratani ya tezi dume. Alikuwa na miaka karibu 65. Alitibiwa San Francisco, akarudi kazini, akachaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017 na tena 2022. Alistahili sifa kwa kusema wazi, kwa sababu wanaume wa rika lake hawasemi. Nami najiuliza kuhusu wenzake wa umri uleule pale Nyakach au Seme waliokuwa wakiamka mara tano usiku kwenda kukojoa, wakaambiwa ndivyo mwili unavyozeeka, hadi maumivu ya mgongo yalipowalaza kitandani. Waziri alijua kuna kipimo cha damu. Wao walijua kuna uzee.

Haki isemwe: mengi yamefanyika. Sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani ilipitishwa mwaka 2012. Tangu 2019 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta imeipunguzia ile ya Kitaifa mzigo. Eldoret wana mionzi, na mashine zimefikishwa Mombasa, Nakuru na Garissa, jambo ambalo miaka kumi na mitano iliyopita lingechekesha. Mgonjwa wa Garissa hahitaji tena kulala kwenye korido za Nairobi akingoja mashine iliyoharibika itengenezwe. Ila kutoka Mandera hadi Garissa bado ni siku nzima na zaidi ya basi, kukiwa na usalama, na mionzi haipigwi kwa siku moja. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, matibabu ya kawaida ni siku tano za wiki kwa wiki kama tano. Mama wa miaka 72 atalala wapi kwa mwezi na zaidi? Nani atamwogesha, atamshika mkono kwenda chooni, atamkamulia ng'ombe nyumbani? Hospitali haina jibu kwa sababu swali hilo halimo kwenye faili.

Tukija kwenye bima, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, ikianza na kifurushi cha saratani cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Fedha hizo ni nyingi kijijini na kidogo hospitalini. Dawa za kisasa zinaweza kuzimaliza kabla ya nusu mwaka. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu ukuta wa nyumba yake na choo chake, kisha hupangiwa kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa cha mwaka mzima kwa mkupuo. Wakati huohuo serikali hiyohiyo, kupitia mpango wa Inua Jamii, humpa mzee aliyepita miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo mara nyingi huchelewa na kuja zikiwa zimefungwa pamoja. Mkono mmoja unampa, mwingine unasubiri mlangoni.

Hata hivyo tatizo kubwa zaidi la kifurushi ni kwamba humsaidia mtu baada ya ugonjwa wake kupata jina. Safari ya kulitafuta jina hilo, nauli ya kwenda na kurudi, kamera, kinyama kilichokatwa na kupelekwa maabara ya kaunti nyingine, majibu ya "rudi baada ya wiki mbili", mara nyingi hutoka mfukoni. Wizara ya Afya imekuwa ikisema kwa miaka kwamba karibu wagonjwa saba kati ya kumi hugunduliwa wakati saratani imekwisha kuenea. Watu huichukua kauli hiyo kama lawama kwa wagonjwa: mbona hamji mapema? Wengi wao walikuja mapema. Walikuja zahanati mara nne.

Kuna wanaouliza, kwa sauti ya chini, mzee wa miaka 78 atibiwe ya nini. Nimesikia swali hili kutoka kwa watu wanaowapenda wazazi wao. Na nimesikia wazee wenyewe wakisema: msiuze shamba kwa ajili yangu. Kauli hiyo naiheshimu. Mtu aliyelima ekari mbili kwa miaka hamsini ana haki ya kutaka zibaki kwa wajukuu. Lakini uamuzi huo una uzito tu ikiwa aliyeufanya aliambiwa anaumwa nini. Kwa kawaida mambo huenda hivi: daktari anamwita mtoto wa kiume kando, wanazungumza Kiingereza kwa dakika tatu, mzee amekaa kwenye benchi ameshika kofia yake. Kijana anarudi na kusema, "Baba, wamesema ni vidonda, tutapata dawa." Mzee anajua kwamba kuna jambo. Hajaambiwa. Hajachagua. Wengine wamemchagulia, kwa upendo, na wamekosea. Saratani ya tezi dume, kwa mfano, kwa mtu wa umri wake mara nyingi hutulizwa kwa dawa za homoni kwa miaka, bila kuuza hata kuku. Nani alimweleza?

Nirudi kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu kila gavana ataendelea kudai anachotaka. Afya iligatuliwa mwaka 2013. Kaunti ndizo zinazoajiri, ndizo zinazonunua dawa, na tumeona wanavyopenda kununua: ambulansi zilizopangwa uwanjani zikiwa na picha ya mheshimiwa, lango jipya la hospitali ambayo ndani haina eksrei inayofanya kazi. Kamera ya kooni na afisa wa kliniki aliyefunzwa kuitumia haviwezi kuzinduliwa kwa mbwembwe. Gari la kusafirisha sampuli mara mbili kwa wiki halipendezi kwenye picha. Lakini kwa mzee anayeshindwa kumeza, vitu hivyo vina maana zaidi kuliko lango.

Kuhusu vifo vya nyumbani, njia ipo na tumeitumia hapahapa nchini. Inaitwa uchunguzi wa kifo kwa mahojiano: mtu aliyefunzwa huitembelea familia wiki chache baada ya mazishi na kuuliza maswali yaliyopangwa. Alikonda? Kwa muda gani? Alianza kushindwa kumeza chakula kigumu au maji? Alikuwa na uvimbe titini? Alitokwa na damu? Majibu huchambuliwa na daktari au kwa kompyuta, na chanzo cha kifo kinachopatikana si cha uhakika kamili, ila ni bora mara elfu kuliko "tumbo". Watafiti wa KEMRI wamefanya hivyo Kilifi na Siaya kwa miaka, na wenzao wa kituo cha utafiti cha APHRC wakafanya Korogocho na Viwandani, Nairobi. Kimebaki kimoja: kuitoa njia hiyo kwenye miradi ya utafiti na kuiweka kwenye kazi za kila siku za kaunti.

Wa kuifanya wapo. Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa na simu. Wanaingia kila boma. Wanajua ni nani amelala ndani kwa miezi na mlango umefungwa. Mhudumu huyo akifunzwa maswali ya mahojiano, na akakaa na naibu chifu mara moja kwa mwezi kuzipitia fomu za D2, kata ndogo moja itajua mengi kuhusu saratani ya wazee wake kuliko wizara inavyojua kuhusu kaunti nzima. Ni kweli kwamba wengi wao wanalalamika posho zao hucheleweshwa, na mtu asiyelipwa hafunzwi kazi ya ziada. Hilo nalo limo mikononi mwa kaunti, kwa kuwa posho hiyo hugawanywa baina yake na serikali kuu.

Na wale ambao hawatapona, ambao kwa umri huu ni wengi? Jirani zetu Waganda walilijibu swali hilo mapema. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, wakaanza kuchanganya mofini ya maji, ya kunywa, kwa bei ambayo nchi maskini inaimudu. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe, kwa sababu ilielewa kwamba kijijini daktari hayupo na maumivu yapo. Kenya ilikuwa na Nairobi Hospice hata kabla yao, tangu 1990, na hospitali kadhaa za kaunti zina vitengo vya tiba shufaa vyenye watu wanaojua kazi. Ukishuka chini ya hapo, zahanati ina panadol. Mzee ambaye saratani ya tezi dume imeingia kwenye mifupa ya mgongo hupewa panadol, vidonge kumi, na watoto wake huambiwa wampe anaposumbuliwa sana. Husumbuliwa sana saa nane usiku.

Mofini ya maji haihitaji mashine ya mabilioni wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji ruhusa, mafunzo, kabati lenye kufuli na daftari la kuandika iliyotoka. Kila mwaka, kabla ya Juni 30, bunge la kaunti hupitisha bajeti, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi waitwe watoe maoni. Wazee huhudhuria mikutano hiyo kwa wingi kuliko vijana. Hukaa viti vya mbele na fimbo zao, huulizwa habari za barabara, za kisima na za josho. Katika mkutano ujao mmoja wao na ainuke aulize wadi yao ina chupa ngapi za mofini na ni muuguzi yupi aliyefunzwa kuitoa, na MCA, mwakilishi wa wadi hiyo, amjibu kwa nambari, si kwa ahadi, kabla ya soda kugawanywa.